Mtoto wa Kwenye Mashua

Ilipotangazwa kwamba mashua za hadithi kwenye bustani ya michezo zitabomolewa kupisha mtambo mpya wa kurusha watu angani, Prudensia aliomba ruhusa kazini kwake Euless, Texas, akanunua tiketi tatu, kisha akampigia simu dada yake Clara kule Sugar Land, jirani na Houston, amlete baba yao.

"Jumapili ndiyo mwisho," alisema. "Nataka nipande na Baba kabla hawajavunja."

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Prudensia alikuwa na miaka thelathini na mbili, na katika miaka yote hiyo alikuwa na kumbukumbu moja tu ya kupakatwa na baba yake. Alikuwa na miaka minne, kofia nyekundu kichwani, mashua inaingia pangoni, masanamu ya hadithi yanatikisa vichwa, na mkono wa Baba umemzunguka kifuani asije akatumbukia. Baada ya hapo, aliambiwa, baridi ya Amerika ilimshinda, akarudishwa Bukoba kwa Bibi. Alipoletwa tena Texas na miaka kumi na miwili, Baba alikuwa mtu wa kuamkiwa asubuhi na kupishwa mlangoni. Hata hivyo mashua ilikuwepo. Siku dunia ilipomkunjia uso, alijiambia: mimi nilipakatwa. Leo alitaka baba yake, Mzee Kamugisha, aseme kwa kinywa chake kwamba naye anakumbuka.

Foleni ilikuwa ndefu na jua la Julai halikuwa na huruma. Nyuma yao alisimama mama mmoja Mkenya, Jedidah, ambaye aliposikia Kiswahili uso wote ulimfunguka.

"Kumbe ni watu wa nyumbani! Na nyinyi mmekuja kuaga?"

"Mimi nilipanda hapa nikiwa na miaka minne, dada," Prudensia akasema, naye akang'aa. "Na baba yangu huyuhuyu. Nilivaa kofia nyekundu. Nilipomwona yule chura mwenye miwani nikapiga yowe, Baba akacheka mpaka machozi. Si ndiyo, Baba?"

Mzee alitazama viatu vyake.

"Mzee, uko na msichana wa kukumbuka vitu!" Jedidah akamsifu.

Hapo Clara akacheka. "Jamani, Pru. Mpaka kwa wageni?"

"Nimefanya nini?"

"Baba, mwambie. Mimi nimechoka. Miaka ishirini namsikiliza mtu akisimulia kofia yangu."

"Clara, acha," Mzee alisema, kwa sauti ya mtu anayemkataza mbwa wa jirani.

"Siachi. Kwenye ile mashua ni mimi, mdogo wangu. Wewe hukukanyaga Amerika mpaka ulipoletwa na miaka kumi na miwili. Tuliwatumia kanda ya video. Kila ikiwekwa ulikuwa unalia, unauliza wewe uko wapi, basi Bibi akakwambia huyo mwenye kofia ndiye wewe. Na hiyo habari ya baridi aliitunga yeye mwenyewe. Mama, Mungu amrehemu, alijua. Sote tulijua. Krismasi ukianza tu kusimulia, tunakanyagana miguu chini ya meza."

Jedidah aliinamia simu yake ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe ndani.

Prudensia alirudi upesi kwenye ile kumbukumbu, kama mtu anayekimbilia nyumba inayoungua kuokoa chochote. Akatafuta harufu ya maji. Akatafuta uzito wa ule mkono. Alichokipata ni harufu ya mafuta ya taa sebuleni kwa Bibi. Kisha akaona kitu ambacho hakuwahi kukiwaza: katika kumbukumbu ile yote, alikuwa anajiona uso. Kofia, meno, na Baba nyuma yake akitabasamu. Nani aliyepakatwa akajiona uso?

"Kwa nini yeye?" aliuliza. "Kwa nini si mimi?"

Mzee Kamugisha alijifuta jasho. Hakuwa mtu katili. Alikuwa amechoka kusimama, na mtu aliyechoka husema kweli.

"Tulikuwa tunafanya kazi zamu mbili, mimi na mama yako. Tungeweza kumlea mmoja tu. Tukamchukua asiyelia."

"Na miaka yote iliyofuata?"

"Ulikuwa umeshazoea kwa Bibi."

Foleni ikasogea, nao wakasogea. Mlangoni mhudumu aliwaonyesha kwa vidole: wawili wawili kila benchi.

"Baba, kaa na mimi," Prudensia akasema. Alijitahidi sauti isitetemeke, kwa kuwa sasa alijua kilio kiligharimu nini. "Hii ya leo itakuwa ya kweli. Hata ikiwa ni moja tu, nitakuwa nayo."

Mzee alisita, akamtazama Clara kama anayeomba ruhusa.

"Kaa naye tu, tumalize," Clara akasema. "Nina kazi kesho, na Houston si hapo."

Wakaketi mbele, Clara benchi la nyuma. Prudensia aliuchukua mkono wa baba yake akauweka begani kwake. Ulikaa hapo kidogo, mzito, usiojua la kufanya. Mashua ilipoyumba Mzee akauondoa, akashika ukingo.

Ndani ya pango kulikuwa na baridi. Dubu mmoja, rangi imembanduka puani, alikuwa akishona suruali. Mzee alichangamka, akageuza shingo nyuma.

"Clara! Na baada ya dubu anakuja nani? Ulikuwa unampenda sana yule!"

"Sikumbuki, Baba."

"Hebu jaribu!"

Prudensia alimjua. Aliitazama kanda ile mpaka picha zikaanza kukatika, na kati yao watatu ni yeye peke yake aliyejua kila kilichojificha nyuma ya kila kona.

"Malkia anakanda unga," alisema taratibu.

Mashua ikakata kona. Malkia akatokea, taji limemkaa upande, mikono imezama katika beseni.

Mzee alipiga kofi la furaha. Akageuka mzimamzima, mgongo wote kwa Prudensia.

"Malkia, Clara! Si unaona? Umemkumbuka!"

"Ndiyo, Baba," Clara akajibu, bila kuyatoa macho kwenye simu.