Mbio za Zamani za Lyle Haskett

Lyle Haskett alikuwa hamwamini hata farasi wake. Nasema hivi mimi Virgil, niliyekula naye maharage katika vumbi la Chatsworth miaka saba, yeye akiwa kauboi shujaa wa sinema mwenye kofia nyeupe, mimi nikiwa yule mzee mpumbavu anayetumbukia kwenye hori la maji ili watoto wacheke. Kila picha yetu ilipigwa kwa siku sita tu. Ukikohoa katikati ya maneno yako, basi, kikohozi hicho kitasikika sinema zote za Texas, maana hakuna kurudia kupiga.

Bwana Trowbridge, mwenye kampuni, alikuwa bahili wa kukamua jiwe. Lakini desturi yake hii hakuianzisha yeye, kampuni zote ndogo pale mtaa wa Gower zilikuwa nayo: shujaa havai ila shati lile lile la drafti, kofia ile ile, farasi yule yule, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa nini? Kwa sababu ukimpiga picha leo akifukuza majambazi, mbio zile zile utazikata na kuzibandika katika picha ya mwakani, na watu kule Nebraska watashangilia upya wala hawajui wameliwa. Mbio zote za Lyle zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya mikebe ya bati, kwenye kibanda nyuma ya stoo ya mavazi.

Sasa, mkataba wa Lyle ulikuwa unakwisha na picha tuliyokuwa tukiipiga wiki ile. Trowbridge asingetia saini mpya, Lyle angerudi kusimama kona ya Gower pamoja na makauboi wengine wasio na kazi, mguu mmoja ukutani, akingoja mtu atoke aseme anataka watu wa kupigwa risasi na kufa. Alikuwa amevuka arobaini. Kazi nyingine hakuijua, na alikuwa akiogopa ile kona kuliko kifo.

Jumatatu wakamkalisha juu ya pipa lililofungwa tandiko, kamera usoni.

"Geuka kushoto, Lyle," mwongozaji akasema. "Shtuka. Vizuri. Sasa cheka. Angalia nyuma kama unafukuzwa."

"Nafukuzwa na nani?"

"Hayo tutayajua baadaye."

Alishuka pale amefura. Akanivuta nyuma ya gari la chakula, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Umeona, Virgil? Wanakusanya uso wangu. Wanauweka akiba."

"Uso wenyewe huo? Nani auibe?"

"Acha mzaha wako, sitaki! Wakishaupata wa kutosha, wanamvisha Wendell shati langu, farasi anapanda yeye, uso wanabandika wangu. Mimi naambiwa kwaheri ya kuonana."

Wendell Yost ndiye aliyekuwa akianguka badala ya Lyle. Korongo likirukwa, Wendell. Gari la farasi likipinduka, Wendell. Mtu wa Oklahoma, baba wa mapacha, mpole kupita kiasi, salamu tu ukimpa anaona haya.

"Wendell hana makuu," nikasema.

"Thubutu! Kikulacho ki nguoni mwako. Na ndani ya nguo zangu yumo nani? Si yeye?"

Ukweli nilikuwa naujua, na ulikuwa kinyume kabisa na hayo aliyokuwa akiyawaza.

Ni hivi. Majira ya kuchipua Lyle alibwagwa na farasi, akasimama, akajipangusa, akacheka. Tangu siku ile mgongo wake haukuwa mgongo tena. Hakumwambia mtu. Lakini mimi nilimwona akijificha nyuma ya majabali, akikwea juu ya jiwe ndipo apate kupanda, na akishuka anaing'ata kofia yake machozi yakimtoka. Iliniuma, jamani. Basi nikaenda kwa Trowbridge mwenyewe. Nikamwambia, mzee, mbio za Lyle unazo mikebe tele, za kutosha picha kumi. Mpige uso tu juu ya pipa, aseme maneno yake akiwa amesimama, mbio chukua za zamani. Hutalipa majani ya farasi wala mtu wa kuanguka. Trowbridge macho yakamng'aa. Akasema Jumamosi atatia saini. Mimi nikamwomba kitu kimoja tu, Lyle asiambiwe sababu, maana fundi mmoja wa taa aliwahi kumletea mto wa kukalia, akala ngumi.

Nani basi aliyekuwa anaachishwa kazi? Wendell! Maskini ya Mungu, hana habari. Mimi ndiye niliyemchongea, na kila nikimwona akijipaka dawa kwenye viwiko vilivyochubuka, roho inanisuta. Jumanne nikampeleka duka la dawa pale konani, wanakouza hata chakula, nikamnunulia kahawa na pai ya tufaha, nikamuuliza habari za mapacha.

Lyle alituona kupitia dirisha. Kesho yake hakuniamkia.

"Mlikuwa mnasherehekea nini?" akaniuliza mchana.

"Pai, Lyle. Tulikula pai."

"Miaka saba hujaninunulia mimi pai."

"Wewe unakunywa, huli!"

"Na ofisini kwa Trowbridge uliingia kufanya nini? Usibishe, umeonekana."

Nikasema nilikwenda kuomba ruhusa ya meno. Hata mimi mwenyewe niliusikia uongo ule ulivyokuwa mbovu. Akatema mate chini, akaenda zake.

Alhamisi, watu wote wako kwenye foleni ya supu, nikaona moto nyuma ya stoo ya mavazi. Filamu zile zikishika moto hazizimiki, zinanguruma. Nikakimbia na kijiko changu mkononi. Nikamkuta Lyle amesimama mikono kifuani, mikebe yote imemwagwa kwenye mchanga, mbio zake zote zinateketea.

"Haya," akasema, "sasa uso wangu waubandike kwenye nini?"

"Lyle! Mjinga wee! Umefanya nini?"

"Nimejilinda."

Ndipo nikapasuka. Nikamwambia yote bila kumung'unya maneno: Trowbridge, pipa, Jumamosi, Wendell anayetolewa. Asante ya punda ni mateke, nikamwambia, na wewe ni punda mwenye kofia.

Hakutikisika. "Trowbridge amekufundisha vizuri," akasema.

"Amenifundisha na yale majabali? Amenifundisha unavyokwea jiwe ndipo upande? Unavyoing'ata kofia?"

Uso ukampauka. Nilidhani atanipiga. Akajaribu kuniangalia, akashindwa, akaangalia moto.

"Kesho nitapanda," akasema. "Uwanjani, kweupe, mbele yenu wote. Mgongo wangu u mzima."

Ijumaa asubuhi Trowbridge alikuja mwenyewe. Aliyechoma alimjua, na Lyle hakukana. Hakufoka, mtu yule akikasirika anakuwa mtulivu. Akasema, "Mbio hatuna, tutapiga mpya. Panda."

Farasi akaletwa. Lyle akatia mguu kwenye kikuku cha tandiko, akashika pembe ya tandiko, akajivuta. Akafika nusu. Akarudi chini. Akajivuta tena, na safari hii tulisikia sauti ikimtoka, sauti ndogo, ya kujizuia. Mguu haukupanda. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mwongozaji akatangaza chakula cha mchana, na ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Hakuna aliyeondoka.

Nikamsogelea. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni.

"Kwa hiyo ilikuwa kweli," akaninong'oneza.

"Kweli tupu."

"Na hukuniambia."

"Ungenipiga."

"Ningekupiga," akasema. "Lakini ungeniambia."

Trowbridge akasema, si kwa ukali, "Siwezi kulipa mmoja wa kupanda na kuanguka, na mwingine wa kusema tu." Kisha akageuka. "Wewe, Yost. Maneno unaweza kuyasema?"

Wendell akawa mwekundu hadi masikioni. Hakumtazama Trowbridge, alimtazama Lyle. Na wallahi nakuambia, hakukuwa na tamaa katika macho yale, ilikuwa aibu tupu ya mtu aliyepewa kitu cha mwenzake mwenyewe akiona.

"Sema ndiyo, wewe," Lyle akamwambia. "Upesi, kabla hajabadili mawazo. Huyu hubadili mawazo."

"Ndiyo, bwana," Wendell akasema.

Lyle akaitikia kwa kichwa, akampa hatamu za farasi mkononi. Akatafuta njia katikati yetu, tukampisha. Alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili, amepinda, anakwenda taratibu kuelekea barabarani mbele ya watu wote, wala hakujaribu kujinyoosha.