Kubeba Jina la Asheri

Mwaka hamsini na nne nilikuwa nakata mkonge katika shamba moja upande wa Pongwe, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Tanga mjini. Kabla ya hapo nilikuwa Amani nikifagia njia za msituni, na kabla ya Amani nilikuwa kwingine. Shule nilisoma vipande vipande, darasa hili hapa, lile kule. Lakini kuomba nilijua. Jumapili, kwenye banda letu la Kilutheri pale kambini, nikisimama kuomba wanawake walitoa leso. Waliniita Kinanda.

Tulikuwa na desturi yetu, sijaikuta kambi nyingine. Mgonjwa akipelekwa hospitali mjini, Mzee Noa, aliyetuongozea ibada, alimpa mtu mmoja jina lake alibebe. Mbebaji alimwombea mgonjwa huyo kila siku, faraghani, mpaka arudi au azikwe. Wengine hawakuligusa jina lile, hata bandani halikutajwa. Kumwombea mgonjwa mwenye mbebaji ilikuwa ni kama kumwambia mbebaji kwamba hatumwamini.

Asheri tulilala naye chumba kimoja. Alikuwa Mshambaa wa Mlalo, mrefu, mpole, amekohoa tangu masika. Siku alipopandishwa lori alinitafuta kwa macho.

"Kinanda, jina langu amepewa nani? Wewe?"

"Mimi."

"Afadhali! Nilihofu watampa Eliudi. Yule husinzia kabla ya amina."

Watu wakacheka, Eliudi naye akacheka. Asheri akanishika mkono, wake ulikuwa wa moto. "Sitaki maneno ya Jumapili," akasema. "Niombee tu."

"Kila siku, ndugu yangu."

Sikumwombea hata mara moja. Sikuwa na chuki naye. Nilitoka shambani nikasema nitaomba nikishaoga, nikioga nikasema nikishakula, nikishakula bao lilikuwa limeanza nyuma ya duka. Mzee Noa akiniuliza, "Jina u nalo?" nilijibu, "Ninalo, mzee." Siku zikaenda.

Wiki ya pili ikaja barua ya Asheri, ameandikiwa na mhudumu wa wodi. "Nakusalimu katika jina la Bwana. Jumatano saa kumi jioni ulinijia. Kifua kilikuwa kinaungua, mara kikapoa kama kimemwagiwa maji. Nikasema, ndugu yangu ameanza. Usiache."

Jumatano saa kumi nilikuwa kwenye bao. Nakumbuka, maana nilishinda.

Barua ya pili ikasema ni kila siku sasa, saa ile ile, na kwamba haji mtu, ila anajua kuna mtu. Niliisoma nimekaa kitandani pangu, kitanda chake kikiwa mbele yangu, kamba zake bado zimebonyea alipokuwa akilala. Nikatoka nje kuisomea juani.

Tangu hapo saa kumi ikawa inaniandama. Mikono ilisita juu ya bao, wenzangu wakapiga kelele, "Cheza, Kinanda!" Siku moja niliwaacha, nikaenda chumbani niombe kweli, niwe nimefika hata kama nimechelewa. Nikasukuma mlango. Chumba kilikuwa kitupu. Lakini nilihisi kama nimemkuta mtu amekwisha piga magoti, nami namkatiza. Nikarudi kinyumenyume. Sikuona kitu, siwezi kusema niliona.

Barua ya tatu ilifika Jumatano. Daktari aliona usaha kifuani, alitaka kukata kipande cha ubavu autoe. Asheri alikuwa amekataa, kwa kuwa kaka yake alilazwa juu ya meza ya namna hiyo na hakuamka. "Sasa nimekubali kwa sababu yako," aliandika. "Ni Ijumaa."

Sikulala vizuri. Mtu anakwenda kupasuliwa ameegemea ukuta ambao haupo. Alhamisi sikuingia shambani, nikaenda Tanga.

Nilifika saa nane. Asheri alikuwa amekonda, macho tu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Mselem, mvuvi wa Ushongo aliyevunjika mguu, naye ndiye aliyenikaribisha.

"Ndiye huyu padri wako? Mbona mwembamba hivi! Mie nilidhani ana kitambi."

"Si padri," Asheri akasema, akicheka kwa taabu. "Mkata mkonge."

"Basi mkata mkonge, shukurani. Saa yako ikifika huyu hutulia, nasi sote twapata usingizi. Mie Mwislamu, lakini hiyo saa kumi yako naingoja."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri. Yakaisha.

"Asheri, sijakuombea."

"Leo bado. Saa kumi haijafika."

"Tangu uondoke. Hata siku moja."

Mselem akageuzia uso wake ukutani. Asheri akauliza polepole, kama mtu anayehesabu watu ndani ya nyumba, "Mzee Noa je?"

"Hakuligusa. Unaijua desturi."

"Yudith wa uji? Eliudi?"

"Wote waliniachia mimi."

"Kambi nzima, basi, hakuna mtu."

"Hakuna."

"Na yule wa saa kumi?"

"Sijui, ndugu yangu. Wallahi sijui." Kiapo cha pwani kilinitoka chenyewe.

Nilidhani atalia au atanifukuza. Akasema, "Nirudishie jina langu."

"Acha niombe sasa hivi, hapa—"

"Hapana. Lichukue umpe Mzee Noa, ampe Yudith. Kesho asubuhi nakatwa."

"Lori mpaka Jumamosi."

"Una miguu."

Nikatembea. Jua lilikuwa kali na barabara ya mkonge haina kivuli, safu kwa safu, zote zinafanana. Sikumbuki nilianza wapi, ila mahali fulani njiani nilijisikia nasema, "Asheri, Bwana, Asheri," bila kitu kingine. Nikajikamata nikanyamaza. Jina halikuwa langu tena. Hatua mia hazikupita nikawa nalisema tena.

Nilifika jua halijazama. Nikamwambia Mzee Noa mbele ya watu, maana waliniona nimejaa vumbi wakakusanyika. Mzee alivua kofia. Yudith, mjane aliyekuwa akiuza uji, ndiye aliyesema.

"Jumapili zote zile, Kinanda, ulikuwa unamwomba Mungu au unatuomba sisi tukusifu?"

Akafunika sufuria lake, akaingia ndani, akafunga mlango. Uji uliobaki haukuuzwa siku ile.

Asheri alipona. Mwezi wa nne tangu akatwe alirudi kambini, upande mmoja wa kifua umebonyea, akaenda moja kwa moja kwa Yudith kumshukuru. Mimi nilimkuta jioni anafunga vitu vyake arudi Mlalo.

"Ile saa kumi," nikamwuliza. "Iliendelea?"

"Iliendelea mpaka siku uliyokuja. Siku ile saa kumi ikapita kama saa nyingine tu. Nilikatwa bila kusikia kitu. Nimepona bila kusikia kitu."

"Una kinyongo nami?"

"Sina. Nimekusamehe kweli. Ila usinibebe tena."

Baada ya wiki nami nikaondoka, na sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili tangu hapo. Bandani sikuomba tena kwa sauti, hapo wala kwingine. Mtu akiniambia "niombee" simjibu kwamba nitamwombea, namwambia akae chini, tuombe hapo hapo kabla hajaondoka.

Lakini lile la Asheri sikulitii. Namwombea kila siku, saa kumi, popote nilipo, barabarani hata sokoni, maneno mawili matatu, bila ruhusa yake. Dini yetu haiombei wafu, nami najua umri wake. Kufika Mlalo ni rahisi siku hizi, na watu wa huko nakutana nao. Simwulizi hata mmoja. Wakiniambia amekufa, itanibidi niache.