Maneno ya Chini ya Ukurasa

Wenzake walimwita Bi Muhuri, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyotoka masjala ya hospitali ile bila kugongwa muhuri kwa mkono wake. Hakuwa mtu wa kufoka. Akikasirika alinyamaza, na ukimya wake ndio watu waliouogopa. Asubuhi ile mkuu wa utawala alipoingia masjala na kufunga mlango nyuma yake, Bi Muhuri alikuwa kimya tangu wiki iliyopita, tangu lifti ya mashuka ilipoanguka.

Lifti ile ilikatika ghorofa ya pili ikashuka hadi chini na dobi ndani yake, mama wa makamo, akavunjika mguu mahali pawili. Kesho yake fundi wa lifti akasimamishwa kazi, eti hakutoa taarifa kwamba kamba ya chuma imechakaa. Fundi huyo alikuwa amemwoa mdogo wake Bi Muhuri. Na Bi Muhuri alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba shemeji yake alitoa taarifa. Alimwandikia mkuu wa utawala barua pepe tatu kabla ya ajali, na nakala ya kila moja iliingia kwenye kompyuta ya masjala.

Mkuu wa utawala hakukaa. Alisema kamati ya nidhamu inakutana saa nane mchana na inazitaka barua za fundi zikiwa zimechapwa. Kisha akaeleza anavyozitaka. Ile mistari inayoonyesha nani katuma, kwa nani na tarehe gani, aifiche, yabaki maneno matupu ya barua. Na juu ya kila ukurasa, kwenye nafasi ya kichwa, aandike: Mawasiliano baada ya ajali.

"Lakini mkuu," Bi Muhuri akasema, "barua hizi zilikuja kabla."

"Najua zilikuja lini. Najua pia ni shemeji yako, ndiyo maana kazi hii nimekupa wewe. Karatasi zikitoka mkononi mwako, nani atasema zimechezewa?"

Akatoka. Bi Muhuri alibaki ameshika ukingo wa meza. Kutumwa aseme uongo kulimuuma, lakini kilichomchoma hasa ni kwamba yule bwana alikuja kuazima jina lake jema, kama mtu anayeazima mwiko kwa jirani, akapikie sumu. Alifikiria kukataa. Lakini akikataa, ataitwa karani mwingine, kijana mwenye mkataba wa miezi mitatu, naye ataandika chochote atakachoambiwa.

Basi akafungua barua ya kwanza, akaingia kwenye mipangilio ya kuchapa. Pale kompyuta ilimpa visanduku sita vya kujaza, vitatu vya juu ya ukurasa na vitatu vya chini. Kwa kawaida aliviacha vilivyo, vitoe namba za kurasa na tarehe ya kuchapa. Leo, kwenye kisanduku cha juu katikati, akaandika maneno aliyoagizwa, herufi kwa herufi, meno yakisagana. Akaificha mistari ya tarehe.

Kisha akatazama visanduku vya chini. Kuhusu hivyo, mkuu hakusema neno.

Akaandika: Kichwa cha ukurasa huu kimewekwa kwa agizo la mkuu wa utawala. Barua hii ilipokelewa siku arobaini na moja kabla ya ajali. Nakala yenye tarehe ipo masjala.

Barua ya pili akaiandikia siku ishirini na sita. Ya tatu, siku tano. Alipoandika hiyo tano ilibidi asimame, azunguke meza, arudi kukaa. Siku tano! Mtu angeweza kubandika karatasi mlangoni mwa lifti, asiingie mtu. Printa ikatema kurasa tatu. Akazigonga muhuri zote, akazipeleka.

Mkuu wa utawala akazipokea huku anaongea na simu. Akasoma kichwa cha kila ukurasa, akaitikia kwa kichwa kuridhika, akatia sahihi kwenye karatasi ya jalada. Huko chini macho yake hayakufika. Mtu aliyeshindwa kusoma barua tatu za mistari kumi, angesoma maandishi madogo ya mwisho wa ukurasa?

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mfamasia mkuu, mama mwenye miwani minene. Bi Muhuri alikaa pembeni kuandika kumbukumbu za kikao. Fundi alikaa peke yake mbele yao, mikono mapajani. Mkuu wa utawala alikuwa katikati ya maelezo yake pale mfamasia alipoinua mkono anyamaze. Alikuwa ameisogeza karatasi karibu na pua.

"Hebu nisomee hapa chini," akamwambia.

Mkuu akasoma kimoyomoyo, akabadilika rangi. Akasema ni njama ya ukoo. Mfamasia hakubishana naye. Alimwomba Bi Muhuri alete nakala zenye tarehe, naye alizileta kabla kiti chake hakijapoa.

Jioni fundi alirudishiwa funguo za karakana. Mkuu wa utawala alihamishiwa ofisi nyingine, yenye dirisha kubwa zaidi. Bi Muhuri naye akapewa barua ya onyo, kwa kuongeza maneno kwenye nyaraka za ofisi bila idhini.

Shemeji yake alimsubiri getini. Bi Muhuri alidhani atashukuriwa, kumbe alikuta uso umefura.

"Ungeniambia, shem. Wangekufukuza, mdogo wako angenilaumu mimi mpaka kaburini."

"Ningekuambia ungenizuia."

Na kweli angemzuia. Wakaenda pamoja wodini kumwona dobi, mguu wake umening'inizwa kwenye chuma. Wakamweleza yote: barua, kichwa cha uongo, kikao kilichochukua saa tatu nzima. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama lifti imeshafungwa kamba mpya au bado inapanda na ile ya zamani iliyoungwa, kwa sababu mwenzake ndiye aliyeshika zamu yake.

Wakatazamana. Katika saa zote tatu hakuna aliyeiulizia lifti, hata wao. Bi Muhuri alihisi hasira ikimpanda upya, na safari hii ilimgusa na yeye mwenyewe. Fundi alikuwa ameshatoka, anashuka ngazi mbili mbili na funguo mkononi. Bi Muhuri akamfuata, na njiani akaichana ile barua ya onyo, akageuza kipande upande mweupe, akatoa kalamu. Kilitosha kuandika kwa herufi kubwa: USIINGIE.