Kitambaa cha Kiti cha Nyuma

Ngina alipoona pembetatu nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi mbele ya mwanawe, alidhani ni pambo jingine la gari la Kijapani. Lakini walipoanza kupanda mwinuko wa Kangemi, gari lilijikokota kama ng'ombe mgonjwa, huku malori yakilipita na kulipigia honi.

"Mwaura, kuna nini?"

"Hata sijui, Mama. Ngoja tufike kwa fundi."

Asubuhi ilikuwa ya baridi ya Julai, lakini Ngina aliiona shingo ya mwanawe ikitoka jasho juu ya sweta ya bluu aliyomfumia.

Gari lenyewe lilikuwa haibridi, la petroli na umeme, lililotumika kwanza Japani. Mwaura alilinunua mwaka uliotangulia baada ya kuuza kipande cha shamba alichoachiwa na babake. Petroli ilikuwa imepanda bei, na gari hili lilikunywa kidogo. Kila asubuhi alibeba wanawake wanne wa ofisini kutoka Kinoo hadi mjini, na karo ya watoto wake ilitoka humo. Likifa, hakuna kingine.

Shamba lilipouzwa, Ngina hakulaumu. Alinunua uzi, akafuma vitambaa vya viti. Nyumbani kwake hakuna kiti kilichokaa uchi. Hata redio ilikuwa na chake. Gari la mwanawe likae uchi kwa nini?

Fundi Mahesh, mzee mwenye gereji nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, alimletea Ngina kigoda, akakipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe. Ngina aliliona hilo, akalihifadhi moyoni. Kisha Mahesh akaunganisha kompyuta yake na gari, akasoma, akavuta pumzi.

"Betri kubwa, Mwaura. Ile ya nyuma."

"Mpya ni ngapi?"

"Laki tatu na nusu."

Ngina alishika kigoda kwa mikono miwili. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya bei ya gari! Mwaura aliegemea ukuta wenye grisi, akasahau kwamba amevaa sweta ya mamake.

Mahesh alivaa glavu za mpira zilizofika kwenye viwiko, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kukivua kiti kitambaa chake.

"Polepole, Bwana Mahesh," Ngina akasema. "Kina marinda."

Kando ya kiti, chini ya marinda, palikuwa na kidirisha chenye vyuma vyembamba. Kilikuwa kimezibwa na manyoya ya uzi mekundu na meupe, yameshikana na vumbi kama blanketi. Ngina aliutambua uzi wake.

Mahesh akainamisha kichwa kwa Mwaura, akanong'ona, lakini Ngina alikuwa na macho mabovu tu. Masikio yalikuwa mazima.

"Mwezi ya tatu nilikwambia nini? Hapa ndio betri inapumulia. Nikakwambia toa hii kitambaa."

"Nilisahau."

"Hukusahau. Uliniambia utaongea na mama kwanza."

Ngina alisimama.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Mama, ulikifuma macho yakikuuma. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, Mwaura! Huo huo unaokula chapati zangu!"

Mahesh alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Watoto warudishwe nyumbani kwa sababu ya karo, ili mimi nisinune?"

Mwaura alitazama viatu vyake. "Nilidhani itavumilia."

Ngina alitaka kukasirika zaidi, lakini hasira haikupata pa kukaa. Huyu mtu mzima mwenye ndevu alikuwa radhi kupoteza gari kuliko kumuumiza mamake. Upendo gani huu wa kuvunja nyumba?

Mahesh alifungua betri. Haikuwa imekufa yote. Vipande vinne vilikuwa vimevimba kwa joto, na alikuwa na betri ya gari lililopata ajali ambamo angeweza kutoa vingine. Angeisafisha pia feni inayoivutia betri hewa.

"Elfu arobaini. Mtalipa polepole," akasema. "Lakini sidanganyi. Itaenda mwaka, labda miwili. Na hewa iingie."

"Hicho kitambaa tukitoe kabisa," Mwaura akasema, bila kumtazama mamake.

"Nipeni makasi," Ngina akajibu.

Alikata ua kubwa la katikati ya marinda, pale palipoziba kidirisha, ua lililomchukua juma zima, akatoa sindano yake mkobani na kuzungushia tundu uzi ili lisifumuke. Gari lilipokuwa tayari, alikirudisha kitambaa mwenyewe, kidirisha kikichungulia nje. Mwaura akawasha. Ngina akaweka kiganja pale, akahisi hewa ikivutwa, kidogo tu, kama ya mtoto aliyelala.

"Inapumua," akasema.

Walipanda Kangemi bila ile pembetatu. Ngina aliitazama shingo ya mwanawe kutoka nyuma, na wazo likampiga ghafla.

"Mwaura, na hiyo sweta?"

Mwaura alikaza macho barabarani.

"Inawasha shingoni, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponifumia."

Ngina alijishika mdomo. Sweta ile ilikuwa na miaka sita.