Sufuria Isiyopikiwa

Mwalimu wa insha aliwapa darasa la saba kichwa "Moto Uliozuka Usiku", na darasa zima likachomozesha jua. Jua likachomoza kwa madaha, ndege wakaimba, umande ukameremeta, ndipo nyumba ikapata ruhusa ya kuungua. Karatasi zote jua lile lile, maana tangu darasa la nne walikuwa wamekaririshwa mwanzo mmoja, na watahini waliupenda.

"Sasa usiku huo jua lilitoka wapi?"

"Kwenye insha, Mwalimu," akajibu mmoja wa nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu akalipiga jua marufuku. Akawataka waandike jambo moja tu waliloliona nyumbani kwa macho yao. Wakatafuna kalamu, wakakodolea dari macho. Muhula ukayoyoma, nao bado wanamletea ndege na umande. Msichana mmoja tu, mwembamba mpaka wenzake wakamwita Sindano, ndiye aliyemletea kitu:

"Jioni mama huosha sufuria ambayo haikupikiwa. Huigongagonga ili jirani asikie kwamba jikoni kwetu kuna kazi."

Mwalimu alisoma, akarudia tena. Tangu aanze kushika chaki hakuwahi kuionea wivu sentensi ya mwanafunzi. Hakumuuliza mwenyewe, alisimama mbele ya darasa akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Sindano aliinama hadi kidevu kikagusa dawati.

Habari ilifika mtaani kabla ya Sindano kufika nyumbani. Kesho yake mama mtu alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, bintiye kando yake.

"Wewe binti," alimwambia mwalimu wa insha alipoitwa akaingia, salamu hakuna, "umeajiriwa kufundisha watoto kuandika au kutuanika? Jana jirani kaniletea sahani, kaifunika vizuri. Kanionea huruma! Mimi!"

"Mama, alichoandika mwanao ni—"

"Ni kweli! Nani kakwambia si kweli? Kweli yangu ilikuwa ndani ya nyumba yangu."

Mwalimu mkuu akakohoa. "Mwalimu, muombe mama radhi, yaishe. Na turudi kwenye insha zetu za kawaida. Mtihani uko mlangoni, usituharibie shule."

Mwalimu akamgeukia msichana. "Na wewe unasemaje, Sindano?"

Sindano hakumtazama. Alimnyooshea karatasi. "Nimeiandika upya, Mwalimu."

Katika karatasi mpya mama alikuwa jikoni akiimba kama chiriku, vyakula vya kila aina vikinukia, na familia nzima ikiwa na furaha isiyo na kifani. Mwandiko ulikuwa safi. Hakukuwa na kosa hata moja la kusahihisha.

Mwalimu aliikunja, akairudisha. Mama yule alikuwa na haki. Hilo alilijua vizuri, na neno la radhi lilikuwa limemfika ulimini. Lakini akilitoa, ataifuta ile sentensi kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto hataandika nyingine. Asipolitoa, mtoto hataandika nyingine vilevile.

"Haya, tunakusubiri," mwalimu mkuu akasema.

"Msinisubiri. Siombi radhi."