Usingizi ya Pasteur Ulrich

Pasteur Ulrich, misionere yetu, mutu ya Suisse, hakujuaka kusema uongo. Batu ya mbali bakisikia vile banafurahi. Sisi benye kuishi naye mu ile vita, pembeni ya Oicha, kule Congo, ilitumaliza. Basoda balikuja kuuliza kama misioni iko na mafuta. Akabajibu: "Ndiyo, fût moja, pipa nzima, nyuma ya kanisa, chini ya mahindi." Balibeba mafuta, balibeba na mahindi. Kila mara ananiambia: "Mama Hulda, Mungu anapenda kweli." Mimi mupishi wake nakoroga bukari, ugali yetu, na nguvu. Mungu anapenda kweli, eh, lakini si alitupatia na mudomo ya kufunga?

Ilibakia motokari yake, na basoda balikuwa banatafuta motokari. Na ile motokari mimi niliihitaji kupita batu yote, sababu binti yangu Bénite alikuwa na mimba ya pili. Ku mutoto ya kwanza balimupasua tumbo, na Ésaïe, infirmier, muuguzi yetu, alisema wazi: "Na ku huyu batamupasua, kule hospitali ya Beni, ao Bénite atatufia." Kufika Beni kwa miguu na tumbo ile? Wapi!

Donc siku moja nilimupikia Pasteur bukari na maharagi ya kujaa sahani, na avoka juu. Alilala sieste yake ya muchana mupaka mate inatoka. Lusenge, chauffeur wake, akatoa kifungulo ya motokari ku musumari. Bazee ya kanisa na bamama ya chorale tukasukuma motokari kwa mikono, moteur isimuamushe, mupaka mu shamba ya kakao ya muzee Kahongya, tukaifunika na majani ya ndizi.

Aliamuka. "Mama Hulda, motokari iko wapi?"

"Yesu wangu, Pasteur! Hata mimi nashangaa."

Kesho yake commandant ya basoda akafika kuitafuta.

"Baliniibia," Pasteur akamujibu.

Commandant alimuangalia mu macho. Hata basoda balijua: huyu muzungu hapana kudanganya. Akamupa pole, akaahidi kukamata bezi.

Kisha Pasteur akaanza kuhubiri "Usiibe", kila siku ya Mungu, dimanche nyuma ya dimanche. Chorale tuliimba na nguvu. Muzee Kahongya aliombea bezi batubu, na machozi. Pasteur alikuwa anatembelea bakristo kwa miguu mupaka nyayo zinachubuka, na jioni mimi namuwekea maji ya moto na chumvi. Nilimuhurumia kabisa. Lakini kumuambia? Hapana!

Dimanche moja, katikati ya mahubiri, uchungu ikamushika Bénite. Lusenge akatoka. Kahongya akatoka. Chorale yote ikatoka. Pasteur alibaki anahubiria batoto na batate bazee ya kutembelea fimbo, kisha akasikia moteur. Alijua sauti ya motokari yake. Alitukuta pale nje, Bénite analia ndani ya motokari, sisi na majani ya ndizi mu mikono.

"Ni sisi, Pasteur," nilimuambia. Haya ilinishika mupaka nikaangalia chini.

Alituangalia mumoja mumoja. Akamuambia Lusenge asogee, akashika volant kuendesha yeye mwenyewe, na kanzu yake ya kanisa.

Pa Mavivi, mu njia ya Beni, barrière ya basoda. Njo ule ule commandant. "Ah, Pasteur! Kumbe motokari ilionekana! Sawa, mushuke, tuko na lazima nayo."

Bénite alikuwa anauma kitambaa yangu ya kichwa. Niliona kweli inakuja mu mudomo ya Pasteur, nikafunga macho. Mutoto yangu amekwisha, njo nilijisemea.

"Commandant, usikaribie," Pasteur alisema. "Huyu mama iko na kolera."

Yo! Basoda baliruka nyuma. Nani atabisha? Huyu muzungu hapana kudanganya. Barrière ikapanda, commandant mwenyewe akatupungia tupite, mukono ku pua.

Mujukuu yangu alizaliwa mbele jua haijazama, na mama yake muzima. Nilimukuta Pasteur mu cour, kule inje ya hospitali, analia.

"Mama Hulda, nimesema uongo."

"Pole, Pasteur," nilimuambia. "Ya kwanza njo inauma."

Kesho yake tulirudi, Bénite tulimuacha kule na dada yake mwenye kuishi Beni; pa barrière basoda balikuwa bangali banaogopa kolera, bakatupisha. Midi nikamupakulia Pasteur bukari na maharagi, kama siku zote. Alisogeza sahani.

"Ongeza."

Alikula yote. Akatoa kifungulo mu mufuko, akaiweka juu ya meza, pa mbele yangu.

"Basoda batakuja," alisema. "Mimi ninakwenda kulala, Mama Hulda. Leo nitalala sana."