Baragumu Lililokosa Majembe

Baragumu la msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, likilia, kila mwenye mikono hushika jembe na kwenda kwenye mfereji. Asiyefika hutozwa mbuzi, wala si yeye amchaguaye. Huchukuliwa aliye bora zizini. Hiyo ndiyo sheria ya milima yetu ya Upare, na hakuna mtoto aliyeachishwa ziwa asiyeijua. Kwa sheria hiyo babu zetu waliyashusha maji kutoka msituni, wakayalaza katika ndiva, yaani bwawa la udongo lililo juu ya mashamba, na kulipokucha wakayafungulia yakateremka kwa zamu, shamba kwa shamba, bila ugomvi.

Siku ile Sekiete Kiangi, mpuliza baragumu wetu, alilipuliza jua likichomoza. Ukingo wa ndiva ulikuwa umefanya ufa, kwa maana mvua za siku hizi zimesahau adabu ya kunyesha: hukaa kimya msimu mzima, kisha huanguka zote pamoja kwa hasira. Tulitoka, naam, lakini tulitoka na viti. Afisa wa mazingira alikuwa amefika kutueleza habari za joto la dunia, ikaonekana heri tufanye mkutano kwanza. Alitutaka tuuzibe ufa siku ileile, tuache kuchoma mkaa msituni, kisha tutume wajumbe kwa mbunge, ili sauti yetu iungane na za wengine na wakubwa wa dunia wabanwe wapunguze mioto yao. Mtu mmoja akapaza sauti, "Moshi ni wa Wazungu, waje wazibe wao!" Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Bwana afisa, nikiacha mkaa, watoto wangu nitawapikia hotuba yako?" Wakacheka zaidi. Nami, mwalimu wao wa zamani, nilisimama, nikanena kwa ufasaha juu ya wajibu, nikapigiwa makofi, nikaketi. Mkutano ukaahirishwa hadi mwezi ujao. Ndipo Sekiete alipouliza, "Na mbuzi je? Leo hakuna jembe lililogusa udongo." Mwenyekiti akamjibu, "Mzee wangu, wote wakikosa, nani atamtoza nani?"

Nilirudi nyumbani moyo wangu ukiwa mzito. Namkunda, mke wa mjukuu wangu, ambaye ni mjamzito na ambaye shamba lake ndilo la mwisho kabisa mferejini, alinitengea chakula, akaniuliza, "Babu, maji yatafika kwangu mwaka huu?" Nilijifanya natafuna. Kisha nikajilaza barazani katika joto la mchana, usingizi ukanichukua, nikaota ndoto.

Nilijiona nimesimama katika nchi ngeni, mbele ya mlima mkubwa ajabu, uliovikwa theluji kichwani kama mzee mwenye mvi. Chini yake palikuwa na ndiva iliyotanda hata ng'ambo yake isionekane, na chini ya ndiva mashamba ya mataifa yote yalikuwa yamepangwa kama mikeka msibani. Ubavuni mwa mlima palikuwa na tanuri, na mwenye tanuri aliitwa Shibe, mtu mnene mwenye sauti tamu, aliyekuwa akiulisha moto magogo na makaa ya mawe na mafuta meusi bila kupumzika. Moshi wake haukupotea angani. Ulijitandaza juu ya nchi kama blanketi juu ya mgonjwa wa homa, na mvi za mlima zilikuwa zikidondoka. Ukingo wa ndiva ulikuwa na ufa, na juu ya ukingo alisimama mtu aliyekonda akipuliza baragumu, midomo yake ikitoka damu.

"Huyo ni Ukweli," sauti ikaniambia. Nikageuka, nikamwona mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge kiunoni kama wafungavyo wanawake waendao kazini, jembe begani. "Mimi naitwa Hadhari. Umechelewa, mzee, ila wenzako wamechelewa kukushinda. Tazama, wala usigeuze uso, kwa kuwa ageuzaye uso hajaiondoa hatari. Ameiondolea shahidi tu."

Akanipeleka chini ya kivuli kipana, ambako wenyeji wa nchi ile walikuwa wameketi. Bibi mmoja, Udhuru, alikuwa akiwapitishia mikeka laini aliyoisuka mwenyewe, na hakuna aliyeketi juu ya mkeka wake akaweza kuinuka tena. Mwenyekiti wao alikuwa Kesho, mzee aliyenyoa vizuri, asiye na kunyanzi hata moja usoni.

"Shangazi Hadhari," Kesho akasema akitabasamu, "mbona una haraka kama mwenye maziwa jikoni? Kazi ya ukingo tumekwisha kuipitisha kwa kauli moja. Tutaianza kesho."

"Ulisema hivyo jana."

"Basi ona nilivyo mtu wa msimamo!" Wakaangua kicheko, wakampigia makofi.

Hadhari akamgeukia Shibe. "Nawe, zima tanuri."

"Nikilizima, hawa watapikiwa na nani?" Shibe akajibu kwa upole. "Watalala njaa, nawe ndiwe watakayemlaani."

"Wa mashamba ya chini wanalala njaa sasa."

"Hao mimi siwaoni."

"Utawaonaje, na moshi ni wako?"

Nikaona uchungu, nikasimama mbele yao, nikasema maneno mazito kuhusu baba zetu na mfereji. Wengine walitoa machozi. Walinipigia makofi marefu kuliko ya Kesho, na Udhuru akanipitishia mkeka. Hadhari alinitazama kwa huzuni, akasema, "Umesema vema, mzee. Mikono yako iko wapi?" Nikaitazama, nayo ilikuwa mitupu. Akaniacha pale, akapanda ukingoni peke yake, akaanza kutupia udongo katika ufa uliokuwa umekwisha kuwa mpana kuliko mlango wa kanisa.

Ndipo mvi zote za mlima zikaanguka kwa pamoja. Ukingo ulipasuka kwa kishindo, na maji yaliyokuwa yatoshe vizazi na vizazi yakapita juu ya mashamba siku moja, yakichukua udongo, mbegu na mipaka. Sikumwona Hadhari tena, wala baragumu halikusikika. Kisha kukawa kimya. Ndiva ilikuwa tope linalokauka, na mlima ulisimama na upara wake chini ya jua, usiwe na kitu cha kutupatia.

Wakaja watoza faini wa nchi ile, nao huitwa Majira. Hawana chuki na hawana huruma. Niliwafuata nikidhani wanakwenda zizini kwa Shibe, lakini walipita. Wakapita na kwa Kesho. Waliteremka hadi shamba la mwisho, kwenye kibanda kisicho na mtu. Ndani palitandikwa kanga nyekundu ya kumpokelea mtoto, na mlangoni palifungwa mbuzi mmoja.

"Hapa bado hajazaliwa mtu!" nikalia. "Amekosa nini asiyekuwapo?"

Mkubwa wao akanijibu, "Sheria yenu yasemaje, mzee?"

"Asiyefika hutozwa."

"Shibe alifika. Kesho alifika. Wewe ulifika, ukahutubia. Ni huyu peke yake ambaye hakufika." Akamfungua mbuzi, akaondoka naye.

Niliamka nikitokwa na jasho. Jua lilikuwa halijasogea sana. Namkunda alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza akichambua maharage, na kwenye kamba nyuma yake ilianikwa kanga nyekundu, mpya, ambayo bado haijafungwa mtoto. Niliitazama kwa muda mrefu, nikafahamu jibu la swali la mwenyekiti wetu. Wote wakikosa, atatozwa yule ambaye hakuwamo.

Nikaenda zizini, nikamtoa mbuzi jike mwenye maziwa. Namkunda akauliza, "Babu, unampeleka wapi huyo? Huyo ndiye bora."

"Ndiyo maana, mwanangu."

Nilimkuta Sekiete ukingoni, peke yake, akitupia udongo. Ufa ulikuwa umerefuka tangu asubuhi. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Mwalimu, nani amekutoza?"

"Sheria. Nilikuja na kiti."

Akampapasa mgongo na kiwele, kama ipasavyo, kisha akamfunga kwenye nguzo ya faini, ambayo kwa miaka mingi haikufungwa kitu. "Imelipwa," akasema, akapuliza mlio mmoja mfupi, ule unaotangaza kwamba mkosaji amelipa, ili wakosaji wengine wajue zamu yao. Tukasikiliza. Kule msituni moshi wa mkaa ulikuwa ukipanda kutoka mahali pengi. Nikavua koti, nikashika jembe la pili. Tukatupia udongo, maji yakauchukua. Tukatupia tena, yakauchukua tena. Mbuzi wangu alilia pale nguzoni hadi jua likatua, na hakuna mbuzi mwingine aliyemjibu.